Asiyeegemea na Asiyejali: Safari ya Neno "Indifferent"

Katika kitabu cha maadili alichokichapisha mwaka 1759, Adam Smith, wakati huo profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alitafuta kipimo cha kutenganisha hasira ya haki na hasira ya mtu anayejipendelea. Kipimo alichokipata ni jicho la mtu wa tatu, mpita njia asiye na udugu wala uhasama na yeyote kati ya wagomvi. Huyo akiweza kuambatana na hasira yako moyoni mwake, hasira hiyo imestahili. Asipoweza, umevuka mpaka. Smith alimwita mtu huyo kwa majina kadhaa, na mojawapo ni "indifferent by-stander". Miaka 205 baadaye, mwezi Machi 1964, majirani wa mtaa mmoja wa Queens, mjini New York, walianikwa mbele ya dunia nzima kwa kusimama kando mwenzao akiuawa, na neno la Smith likawa miongoni mwa yale waliyotuhumiwa nayo. Kwa mwanafalsafa wa Glasgow, "indifferent" ni yule ambaye hisia zake ni za kuaminika kuliko za wote waliopo. Kwa wasomaji wa magazeti ya 1964, ni yule asiye na hisia.

Neno lilelile limetoka baraza la haki na kuhamia kizimbani. Si kisa cha wapenzi wa etimolojia peke yao. Sisi tuliohamia nchi za Kiingereza, pamoja na watoto wetu, tunapimwa kila siku kwa msamiati huu: mwalimu anamwandika mtoto kuwa hajali, daktari anamwandika mgonjwa kuwa uso wake hauna hisia, hakimu anasema mshtakiwa hakuonyesha majuto. Anayepimwa kwa neno ana haki ya kujua neno hilo limepita wapi kabla ya kumfikia.

Asili yake ni Ugiriki. Wanafalsafa wa Kistoa waliyagawa mambo ya dunia mafungu matatu: wema wa nafsi, uovu wa nafsi, na yote yaliyobaki, yaani mali, afya, umaarufu na hata uhai, ambayo kwa yenyewe si mema wala si mabaya. Hayo ya tatu waliyaita "adiaphora", yasiyotofautiana. Cicero alipotaka kuyasema kwa Kilatini alilazimika kubuni neno, akachagua "indifferens". Msomaji aliyekaa chuoni akisoma fiqhi hatashangaa, kwani atakumbuka fungu la mubaha, yaani yale ambayo kuyatenda hakuna thawabu na kuyaacha hakuna dhambi. Katika karne ya 16 na ya 17 Waprotestanti wa Ulaya walizozana sana juu ya "mambo yasiyotofautiana" ya ibada: kanzu ya padri, kupiga magoti, ishara ya msalaba. Kijana John Locke aliandika makala mbili juu ya suala hilo kuanzia mwaka 1660. Hadi hapo "indifferent" lilikuwa sifa ya vitu na mambo. Moyo wa mtu ulikuwa bado haujatiwa.

Lilipomhamia mtu, lilimhamia kwa heshima. Kama mizani haielemei huku wala kule, basi kadhi au hakimu asiyeelemea naye ni "indifferent", yaani mwadilifu. Ushahidi mzuri kabisa umo katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, kile cha 1662 ambacho hakijafutwa hadi leo. Humo waumini wanawaombea watawala watoe haki kwa kweli na "indifferently". Muumini wa leo akilisikia neno hilo kanisani hukunja uso kidogo: tunamwomba Mungu atupe mahakimu wasiojali? Waanglikana wa Marekani, walipojitengenezea kitabu chao mwaka 1789 baada ya uhuru, waliliondoa neno hilo na mahali pake wakaweka "impartially". Bila shaka walikuwa wameshaanza kuisikia maana mpya ikilifunika neno la zamani. Ni nadra kuona mabadiliko ya maana yakiwekwa tarehe waziwazi namna hii.

Ndugu yake, "disinterested", anaumwa ugonjwa huohuo. Lilikuwa neno la kumsifu asiye na maslahi yake katika jambo. Leo wengi wanalitumia kwa mtu aliyechoshwa na jambo. Walimu wa Kiingereza wanalipigania, na nadhani watashindwa.

Kwa nini mwadilifu amegeuka kuwa baridi? Jibu rahisi ni kwamba kutoegemea na kutojali hufanana vikitazamwa kutoka nje. Hakimu aliyetulia kwa kuwa anapima na hakimu aliyetulia kwa kuwa anawaza chakula cha mchana wana uso mmoja. Lakini jibu hilo halitoshi, maana uso huo ulikuwepo pia mwaka 1662. Kilichobadilika ni matarajio. Karne ya 18, ambayo Smith mwenyewe ni mtoto wake, iliufanya moyo unaoguswa kuwa alama ya ubinadamu, na tangu hapo utulivu ukawa ni jambo la kutolewa maelezo. Smith aliiona hatari hiyo mapema. Katika kitabu chake kuna mfano mashuhuri wa Mzungu mwema anayesikia kwamba Uchina yote imemezwa na tetemeko la ardhi: atasikitika, atatoa hekima mbili tatu, kisha atalala fofofo, lakini akijua kwamba kesho atakatwa kidole kidogo, usiku kucha hatapata usingizi. Smith hakumtukana mtu huyo. Alisema ndivyo tulivyo, na ndiyo maana twahitaji sauti ya yule asiyeegemea ndani ya vifua vyetu, kwa kuwa hisia peke yake haifiki Uchina.

"Apathy" nalo lilianzia kilele kisha likaporomoka. "Apatheia" ya Wastoa ilikuwa lengo la mwenye hekima: nafsi isiyoyumbishwa na tamaa, hofu wala huzuni. Watawa wa jangwa la Misri waliirithi. Evagrius, aliyefariki huko mwaka 399, alifundisha kwamba upendo ni mtoto wa "apatheia". Yaani mtu hawezi kumpenda mwenziwe sawasawa mpaka kelele za nafsi yake zitulie. Anayezijua njia za masufii wetu, na mafunzo yao ya kuitiisha nafsi, hatauona ugeni katika wazo hilo. Jerome hakukubaliana naye. Mwanzoni mwa karne ya 5 aliandika kwa ukali kwamba mtu wa hali hiyo hana budi kuwa ama jiwe ama Mungu. Kiingereza kililipokea neno hili zaidi ya miaka elfu moja baada ya ugomvi huo, na kililipokea kwa mkono wa Jerome. Milton, katika utenzi wake wa 1667, aliiweka "apathy" miongoni mwa mada zinazojadiliwa na malaika walioasi huko motoni, wakijipumbaza kwa falsafa isiyo na mwisho.

Maneno mengine hayakutoka kwa wanafalsafa bali kwa matabibu na mafundi wa mwili. "Phlegmatic" ni mwenye balghamu nyingi. Tiba ya Kigiriki, iliyokuja kuratibiwa na Galen na kuendelezwa na Ibn Sina, ilihesabu majimaji manne ya mwili, na aliyezidiwa na balghamu alisemekana kuwa mzito, baridi, asiyeshtuka. La kuchekesha ni kwamba neno la Kigiriki "phlegma" linatokana na kitenzi cha kuwaka moto. Waarabu walilitamka "balgham", nasi tukalipata kutoka kwao. Lakini Waswahili tuliiacha balghamu kifuani, pamoja na kikohozi chake, hatukuipandisha kwenye tabia. Safura pia, iliyokuwa nyongo ya manjano katika elimu ileile, kwetu imebaki ugonjwa. Kiingereza kiliyasahau majimaji yenyewe na kuzishika tabia.

"Callous" ni neno la ngozi. Kilatini "callum" ni sugu, ile inayoota kiganjani mwa mvuta makasia na nyayoni mwa mtembea peku. Hapa lugha mbili zisizo na ukoo wowote zimekwenda njia moja, maana sisi pia tunasema mhalifu sugu na ugonjwa sugu. Hata hivyo tofauti ipo, nami naiona kubwa. Sugu ya Kiswahili haijakatika na kazi iliyoizaa. Mtu aweza kuwa na sugu ya jembe, na mwingine ana sugu kwenye paji la uso kwa wingi wa kusujudu, na hiyo ni heshima. Katika "callous" ya leo kazi imefutwa na ugumu tu ndio uliosalia. Hakuna anayeuliza mtu huyu amesuguliwa na nini.

"Nonchalant", "insouciant" na "blasé" yametoka Ufaransa, na yamevaa nguo za Kifaransa. La kwanza asili yake ni kukosa joto, kupitia kitenzi cha kale cha kujali kilichotokana na neno la Kilatini la kuwa moto. Ubaridi wa tajiri ulipata jina la kigeni lenye madaha. Ubaridi wa maskini ulibaki kuwa ugumu wa ngozi.

Kiswahili chetu kinaye mtu asiyejali, wala tusijidanganye kwamba ni mgeni. Tunasema ana moyo mgumu, ana roho mbaya, ni mkavu wa macho, hana utu. Lakini tamko ninaloliona zito kuliko yote ni "hana imani". Neno la Kiarabu la kumwamini Mungu limeongezewa kwetu maana ya huruma: mtu huingiwa na imani amwonapo yatima, na mnyongeshaji wa watu husemwa hana imani hata kama hakosi sala tano. Ukitazama, katika matamko haya anayelaumiwa halaumiwi kwa kile anachokihisi au asichokihisi ndani. Analaumiwa kwa jinsi anavyomtendea mwenziwe. Machozi si ushahidi. Kwenye msiba aliaye sana huambiwa ajikaze, na apigaye moyo konde husifiwa.

Kiingereza, kwa upande wake, kilifika mahali pa kuufanya ukosefu wa hisia kuwa maradhi. Mwaka 1835 James Cowles Prichard, tabibu wa Bristol, alieleza kile alichokiita wazimu wa kimaadili: akili nzima, hoja sawa, ila hisia zimepinda. Mwaka 1941 Hervey Cleckley wa jimbo la Georgia alitoa kitabu chake juu ya watu wa namna hiyo, na dhana yake moja inamhusu kila anayeishi kwa lugha. Alidai kwamba mtu huyo huyatamka maneno ya upendo, majuto na huzuni bila kosa, lakini uzito wa maneno hayo haumfikii. Baadaye Robert Hare wa Kanada aliitengeneza orodha ya sifa 20, kila moja ikipewa alama 0 hadi 2, na Marekani Kaskazini aliyefikisha 30 kati ya 40 kwa kawaida huhesabiwa kuwa "psychopath". Katika orodha hiyo "callous" limo, pamoja na hisia za juujuu na kutokuwa na majuto.

Hapo neno linaweza kuua. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha hukumu ya kifo ya Thomas Barefoot wa Texas, ambaye waganga wawili wa akili walitoa ushahidi kwamba ni hatari isiyotibika, bila hata mmoja wao kumhoji. Chama cha waganga wa akili wa nchi hiyo kiliiambia mahakama kwamba utabiri wa aina hiyo hukosea mara mbili katika tatu. Barefoot aliuawa mwaka uliofuata. Kesi ya pili naiona ya ajabu zaidi. David Riggins wa Nevada, mshtakiwa wa mauaji, alilazimishwa kunywa dozi kubwa ya dawa ya kutuliza akili muda wote wa kesi, ingawa mawakili wake waliomba isimamishwe ili baraza la wazee wa mahakama limwone alivyo. Alihukumiwa kifo. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu, na Jaji Kennedy, katika maoni yake ya ziada, alieleza jinsi dawa hiyo inavyoweza kumfanya mtu aonekane mkavu, asiyejuta, mbele ya watu wanaoamua kama ataishi. Dola ilimfunga mtu uso, kisha ikamshtaki kwa uso wake.

Katika kazi yangu ya ukalimani nimeuona mfano mdogo wa jambo hili, wala haukuhitaji dawa. Katika hospitali moja ya Uingereza, bibi wa makamo aliletewa habari ya kifo cha mwanawe wa pekee. Alinyamaza, akaufunga mtandio wake vizuri, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa. Daktari, mwanangu, ahsante kwa jitihada zako." Nilifasiri neno kwa neno. Baadaye niliona kwenye faili kwamba amerekodiwa kuwa na uso usio na hisia, kwa yale maneno mawili ya kitabibu yasemayo hivyo, na kwamba apelekwe kwa mtaalamu. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa kusoma nyuso za watu wa kwao, na mafunzo hayo hayakumwonyesha kwamba mkono ule uliofunga mtandio ndio uliokuwa unalia.

Sasa turudi Queens, maana hapo ndipo neno lilipopewa sura yake ya leo. Kitty Genovese, mwenye umri wa miaka 28, alichomwa kisu alfajiri ya tarehe 13 Machi 1964 akirejea nyumbani Kew Gardens kutoka kazini. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika ukurasa wa mbele kwamba raia wema 38 walitazama kwa zaidi ya nusu saa bila mmoja wao kupiga simu polisi. Dunia ilishtuka. Wahubiri, wanasaikolojia na wahariri walilaani baridi ya miji mikubwa. Miaka ilivyopita habari yenyewe ilianza kufumuka. Wengi kati ya hao 38 hawakuona kitu. Walisikia kelele usiku wa baridi, madirisha yamefungwa. Shambulio la pili lilitokea ndani ya ukumbi mdogo wa nyuma, mahali ambapo karibu hakuna dirisha linalopaona. Jirani mmoja alipiga ukelele na mshambuliaji akakimbia kwa muda. Sofia Farrar, jirani na rafiki, alishuka ngazi mbio bila kujua kama muuaji bado yupo, akampakata Kitty mikononi hadi gari la wagonjwa lilipofika. Yeye hakuwemo katika habari ile. Muuaji alipofia gerezani mwaka 2016, gazeti lenyewe liliandika kwamba taarifa yake ya 1964 ilikuwa na kasoro kubwa.

Kisa hicho kiliwachochea John Darley na Bibb Latané kufanya jaribio lililochapishwa mwaka 1968. Mwanafunzi aliyekaa peke yake chumbani alisikia kwenye kipaza sauti mwenziwe akishikwa na kifafa. Waliodhani kuwa wao tu ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Idadi hizi zimekaririwa kila mahali. Kinachokaririwa kidogo ni walichokiandika watafiti juu ya wale ambao hawakutoka. Mlango ulipofunguliwa walikutwa wakitetemeka mikono, viganja vimelowa jasho, na wengi waliuliza kwa wasiwasi kama mwenzao yuko salama. Walionekana kuguswa zaidi kuliko waliosaidia. Hawakuwa watu wasiohisi, na watafiti walisema hivyo bayana. Hata hivyo jambo hilo lilienea duniani kwa jina la "bystander apathy", jina linalokanushwa na jaribio lenyewe.

Sheria ya Marekani ndiyo pekee, kwa maoni yangu, iliyolishika neno hili kwa uangalifu, na hata yenyewe ilichukua muda. Mwaka 1976, katika kesi ya mfungwa wa Texas aitwaye Gamble, Mahakama ya Juu iliamua kwamba "deliberate indifference" ya wakuu wa gereza kwa maradhi makubwa ya mfungwa ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba. Gamble alikuwa ameangukiwa na robota la pamba akipakua lori, na mashtaka yake aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Kanuni hiyo imewalinda maelfu waliokuja baada yake. Yeye hakumshinda daktari mkuu wa magereza aliyemlalamikia: majaji walisema kwamba kwa kuwa alionwa na wahudumu wa afya mara 17, kutompiga picha ya eksirei kulikuwa suala la uamuzi wa kitabibu. Mwaka 1994 mahakama hiyohiyo ilifafanua zaidi. Ofisa hawi na hatia kwa kuwa moyo wake ni mkavu, wala haokoki kwa kuwa ni mwororo. Sharti ithibitike kwamba aliijua hatari iliyomkabili mfungwa, kisha akaipuuza.

Hapo ndipo tafsiri inapokuwa ngumu. Kalimani akisema "kutojali kwa makusudi", mfungwa wa Kiswahili huelewa kwamba atatakiwa kuthibitisha roho mbaya ya mlinzi, naye huanza kusimulia matusi aliyotukanwa, ambayo kesi haiyahitaji. Akisema "uzembe", amepunguza mno, kwa maana uzembe ndio hasa ambao mahakama imesema hautoshi. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitumia "kufumbia macho jambo analolijua". Mawakili wawili wamenihoji kwa nini maneno yangu ni mengi kuliko yao, na ni kweli ni mengi. Lakini mfungwa akiyasikia huacha kusimulia matusi, akaanza kuhesabu ni nani alimwambia, siku gani, na mbele ya shahidi yupi.